Koki Iko Upande Wetu

Jumatatu, 3 Februari

Mwalimu wa historia ametupa mada mpya leo. Tunamwita Rula kwa sababu hatembei bila rula ya mbao. Mada yenyewe ni jiopolitiki. Nilidhani ni neno jingine la kukariri na kulisahau baada ya mtihani. Sivyo kabisa!

Anasema watu wakitaka kujua kwa nini nchi mbili zinagombana hukimbilia kusikiliza hotuba. "Achaneni na hotuba kwanza. Kwenye hotuba kila mtu malaika." Halafu akaigonga ramani, vumbi likaruka. Uliza nchi iko wapi. Uliza inapitia wapi kufika nje. Uliza inategemea nini kilichoko kwa jirani. Ukishapata majibu ndipo urudi kwenye hotuba, na utasikia kile wanachokificha.

Nimeandika kila neno. Hatimaye somo la mtu kama mimi, mtu asiyeyaamini maneno ya watu.

Kuna kazi ya kufanya wawili wawili: nchi isiyo na bahari na jirani yake mwenye bandari. Tutawasilisha mbele ya darasa Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Mimi na Tarumbeta, bila shaka. Tarumbeta ni mtoto wa baba mkubwa. Nyumba moja, darasa moja, dawati moja. Mimi naandika, yeye anasema, na imekuwa hivyo tangu chekechea. Nikisimama mbele ya watu koo hukauka na masikio huwaka moto. Wale wa viti vya nyuma wananiita Bubu. Leo mmoja wao karopoka: Bubu naye ana nchi? Itatangazaje vita? Tarumbeta hata hakugeuka. "Itakuandikia wewe barua, na hutaweza kuisoma." Darasa zima likaangua kicheko.

Sijui ningekuwa nani bila yeye. Kiti, pengine.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerudi kutoka shule nikakuta matofali yamemwagwa mbele ya geti. Baba mkubwa anajenga duka. Hakumuuliza mtu.

Babu aliigawa nyumba hii kabla hajafa. Vyumba vya mbele ni vya baba mkubwa, vya nyuma ni vya baba, na cha katikati ni cha Bibi. Aligawa vyumba tu. Geti liko mbele, kwa hiyo chochote chetu kinachotoka kinapita kwenye ule ujia wa chini ya madirisha ya baba mkubwa. Na duka litaula nusu ya ujia.

Baba ni seremala. Karakana yake iko uani, kwetu nyuma. Sasa hivi ana kabati la nesi mmoja, kubwa, la milango mitatu, limebaki kupigwa vanishi tu. Na kabati la baba haliwezi kufunguliwa vipande vipande! Hapigi misumari. Anachonga ndimi na matundu, anatia gundi, basi, limekuwa kitu kimoja milele. Hilo ndilo jambo analojivunia kuliko yote, kuliko hata mimi.

Akaenda mbele kuuliza. Nilikuwa naanua nguo, nikasikia. Kaka, kabati langu litapita wapi? Na baba mkubwa, bila kuacha kupima kwa kamba yake: "Tengeneza makabati membamba." Mafundi waashi wakacheka. Baba akarudi na uso umemsinyaa kama amemeza dawa.

Namchukia baba mkubwa. Namchukia na ile kamba yake.

Jumamosi, 8 Februari

Lazima niandike kilichotokea mezani, nisisahau hata kidogo.

Baba alikuwa anafoka tangu tulipokaa. Kaka amenidharau. Kaka amekuwa hivyo tangu utoto. Mama anamwambia kula, chakula kinapoa. Mimi nikasema — sijui hata nilipata wapi sauti — nikasema, hizo zote ni hotuba.

Mama akaacha kutafuna. Baba akaniangalia. Nikaona nimeshaingia majini, acha nioge. Nikamwambia asisikilize kaka anasema nini, aangalie nani yuko wapi. Sisi ni nchi isiyo na bahari. Wao wana bandari, ndiyo maana wanajisikia. Lakini hawana kila kitu. Bomba la mtaa linaingilia nyuma. Tangi liko uani kwetu. Pampu iko kwetu. Koki ya kupeleka maji mbele iko nyuma ya karakana. "Na baba mkubwa anajenga kwa saruji," nikasema. "Saruji haichanganywi kwa mate."

Baba alizima redio! Baba, ambaye nikimwonyesha ripoti ya shule huwa anasema "vizuri" huku macho yakiwa kwenye mbao. Akasogeza sahani, akaniambia nichore. Nikamchorea nyumba nzima kwa chaki juu ya ubao wa meza. Akauliza maswali. Nikajibu yote. Mwishoni akamgeukia mama: "Mke wangu, kumbe tumezaa Waziri wa Mambo ya Nje."

Mama akasema kwamba yale maji kuna watu wanayaoga na kupikia, si saruji tu. Baba alikuwa ameshauinamia tena mchoro wangu.

Waziri! Nimelirudia neno hili kimyakimya mara nyingi.

Jumapili, 9 Februari

Baba amefunga koki.

Mafundi wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mikono kwenye magoti. Mchanga upo, saruji ipo, maji hakuna. Baba mkubwa amekuja mpaka mlango wa uani. Baba alikuwa anapiga msasa, wala hakuinua kichwa. Akasema ujia ukiwa mpana maji yatatoka. Baba mkubwa akageuka akarudi mbele bila hata kutukana. Sijawahi kumwona hivyo. Bandari imefungwa na tangi!

Nimefurahi. Sitajisingizia unyenyekevu kwenye shajara yangu mwenyewe.

Tarumbeta alikuja jioni na ndoo mbili, tukazijaza pamoja. Kasema baba zetu wawili ni watoto, wangepewa pipi wanyamaze. Nikacheka. Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje?

Jumanne, 11 Februari

Nataka kufa. Au baba afe. Hapana, nafuta. Lakini kwa nini amesema!

Asubuhi walifokeana kwenye ujia, mtaa mzima ukasikia. Baba mkubwa kasema huo ujanja wa koki si wa kwako, mdogo wangu, wewe kichwa chako nakijua, nani kakufundisha? Na baba, kwa fahari kabisa, kifua mbele: "Hata mtoto wangu wa sekondari ameliona! Kaniambia saruji haichanganywi kwa mate!"

Tarumbeta alikuwa amesimama pale na mkoba wake wa shule.

Njia nzima hakunisemesha. Nilimfuata nyuma kama mbuzi wa kamba. Darasani akavuta daftari lake mpaka ukingo wa dawati. Nikamwambia kwa sauti ya chini, nilikuwa nazungumzia somo tu. Akanijibu bila kuniangalia: mama yake ameoga kwa kopo leo, kopo la maziwa, je na hilo lipo kwenye somo?

Nikakasirika. Ndiyo, nilikasirika! Kwani nani alianza? Baba yake anataka kutufungia ndani kama kuku, halafu mimi ndiye mbaya? Nikamwambia wana bandari, waitumie kuogea.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mwaka mzima sisemi neno, nikisema ndiyo hilo.

Jumatano, 12 Februari

Kufuli jipya getini. Sheria mpya ya baba mkubwa: watu wanapita, mizigo haipiti. Hata ufito mmoja wa mbao. Nesi alikuja kuulizia kabati akaambiwa aliangalie kwa macho, kubeba hapana.

Bibi naye amefunga milango yake. Chumba chake kina milango miwili, mmoja unatokea kwetu, mwingine sebuleni kwa baba mkubwa. Siku zote ilikuwa wazi yote miwili, tunapita tu, mpaka yeye mwenyewe analalamika amegeuzwa barabara. Leo amewaita wanawe wote wawili, mmoja kila mlango, akawatukana sawasawa bila upendeleo. Halafu, makomeo. Amesema atawafungulia wajukuu zake wawili peke yao, mimi na Tarumbeta. Wengine wakae huko na matangi na makufuli yao.

Baba amesema Bibi amezeeka. Mama amesema Bibi ndiye mtu mzima pekee humu ndani, akaingia jikoni na kubamiza sufuria.

Ijumaa, 14 Februari

Nilipeleka chai kwa Bibi. Nikabisha, nikasema ni mimi. "Mke mwenzangu, ingia." Ananiita hivyo kwa utani, eti nami ni mke wa Babu. Miguu yake imevimba tena.

Nikamuuliza kwa nini Babu aligawa vyumba akasahau maji na ujia. Bibi akanitazama kama nimemtukania mume.

"Nani kakwambia alisahau? Mmoja kampa geti, mmoja kampa maji. Ili wasiweze kuachana."

Nikamwambia, lakini Bibi, ndiyo hivyo hivyo wanavyokabana koo.

"Alidhani amezaa watu," akasema, akaomba sukari zaidi.

Shuleni nilimsubiri Rula mlangoni mpaka wenzangu wote wakatoka. Nikamuuliza, mtu akiitumia jiopolitiki akapata jibu sahihi, halafu mambo yakaharibika, kosa liko wapi? Akauliza nchi gani. Nikasema ndogo tu. Akaketi kwenye dawati. Akasema hii ni njia ya kusoma mahusiano ya mataifa, si njia ya kuishi na jirani. Inakuonyesha kwa nini mtu anaweza kufunga mlango. Haikuambii ufunge. Na kuna wasomi wanaoipinga kabisa, wanasema imewapa watawala wengi kisingizio: ramani ndiyo imenituma.

Mbona hakusema hayo Jumatatu ya kwanza! Wiki mbili anagonga ramani, sasa ndiyo ananiletea tahadhari, kama mtu anayekuuzia kisu na kukukimbilia barabarani kukwambia kinakata.

Nimeandika wasilisho lote peke yangu. Nimemwekea Tarumbeta nakala yake kwenye dawati. Ameichukua. Hakusema ahsante.

Jumatatu, 17 Februari

Tulisimama mbele. Mimi nimeshika ramani, yeye ameshika karatasi zangu. Masikio yangu yanawaka kama kawaida. Akaziangalia karatasi. Akazikunja vizuri, akaziweka juu ya meza ya mwalimu.

"Sisi tumechagua nchi ambazo hazipo kwenye ramani hii," akasema.

Nikajua.

Akasimulia yote. Hakutaja nyumba, wala ndugu, lakini nusu ya darasa wanakaa mtaa wetu! Nchi ya mbele yenye geti. Nchi ya nyuma yenye tangi. Nchi ya nyuma ina waziri mmoja kimya sana, hamwezi kumsikia, lakini usiku na mchana anapiga hesabu za kiu ya wenzake. Wale wa nyuma wakaanza kunong'ona. Bubu! Waziri Bubu! Kicheko kikapita kama upepo. Mimi nimeshika ramani kwa mikono miwili, siwezi hata kujifunika uso.

Na kibaya zaidi — alikuwa hodari. Alikuwa hodari kuliko karatasi zangu. Akasema waziri kimya aliuliza maswali matatu ya mwalimu, akaridhika, akalala. Hakuuliza la nne: mwenzangu anaweza kubadilisha nini? Nchi hukata mifereji. Hujenga reli za kuzunguka. Mwenye geti akinyimwa maji atanunua maji, yanakuja kwa magurudumu, na yanaingia kwa geti, na geti analo. "Mwenye tangi akinyimwa geti atanunua nini? Geti huliweki hewani."

Rula akasahau kugonga rula. Akatupa alama za juu kabisa, sisi wote wawili.

Sote wawili! Nilikwenda chooni nikakaa mpaka kengele.

Sitamsamehe. Angeweza kunitukana nyumbani, angeweza kunipiga. Kanichukulia kitu kimoja nilichokuwa nacho, akakifanya vizuri kuliko mimi, mbele ya watu.

Jumatano, 19 Februari

Lori la maji limekuja. Kubwa, la bluu, limeziba mtaa wote. Limejaza mapipa ya baba mkubwa hadi pomoni na maji mengine yamemwagwa barabarani makusudi, nina hakika makusudi. Mafundi wakaanza kazi palepale. Koki yetu bado imefungwa na haina kazi yoyote duniani.

Kumbe Tarumbeta hakuwa anabahatisha. Alijua lori limeshaagizwa.

Baba alisimama uani akisikiliza koleo zinavyokwangua sakafu. Akaniita. "Waziri. Ramani inasemaje sasa?" Nikamwambia sijui. Akasubiri. Nikasema tena sijui, baba, fungua tu koki tuwaombe. Akaniangalia kama nimekuwa mtoto wa mtu mwingine.

"Kuomba kila mtu anajua," akasema. "Kwa hilo sihitaji kusomesha mtu."

Jumamosi, 22 Februari

Ukuta wa duka umefika kifuani. Ujia uliobaki unapita mtu na kikapu. Kabati limekauka vanishi, linang'aa, linachukua nusu ya uani.

Baba mkubwa ameondoka asubuhi kufuata mabati. Mama mkubwa yuko sokoni. Mafundi hawaji leo. Haya yote sikuyachunguza mimi. Ameyachunguza baba. Tangu juzi ananyamaza, anazunguka, anapima. Hanihitaji tena kwa maswali, anajiuliza mwenyewe. Nani yuko wapi. Kunapitika wapi. Nilimwona akiweka tepu kwenye mlango wa Bibi, juu, chini, upana. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kabati linapita. Mlango wa Bibi, chumba cha Bibi, mlango wa pili, sebule ya baba mkubwa, mlango wa mbele, barabarani. Amewaita vijana wanne wa kubeba. Wako uani sasa hivi, wamevua viatu wasifanye kishindo.

Nikamwambia Bibi amelala, anaumwa miguu, itabidi kitanda chake kisogezwe naye akiwa juu yake. Akasema dakika tano tu. Nikamwambia, baba mkubwa akirudi akajua mmepitia kwa Bibi, hapo hakutakuwa tena na cha kusuluhisha. Akasema yeye aliacha kusuluhisha siku ujia ulipokatwa.

Mama amesimama mbele ya kabati na kitambaa cha kufutia begani. Amesema pitishieni juu yangu. Wamelizungusha kumkwepa.

Baba akabisha mlango wa Bibi. Polepole, kama ninavyobisha mimi. Sauti ya Bibi: nani? Baba akaweka kidole mdomoni, akaninyooshea mkono. Mwambie ni wewe. Kufungua anakufungulia wewe.

Nilikimbia. Niko chumbani kwangu, nimesukuma meza mlangoni, naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Ukuta huu unapakana na Bibi. Nasikia kila kitu. Baba ananiita kwa kunong'ona, toka, Waziri, toka basi, usiniaibishe mbele ya watu.

Bibi ameuliza tena. Nani?

Kuna mtu mwingine ndani. Tarumbeta. Yuko na Bibi, anamkanda miguu, nasikia chupa ya mafuta ikiwekwa chini. Hatujasemeshana tangu Jumatatu. Anamwambia Bibi kwa sauti yake hiyo isiyojua kunong'ona:

"Si ni yeye tu, Bibi. Anabisha halafu anaona haya kusema. Labda amekuja tupatane. Ngoja nimfungulie."

Hatua zake. Nikipiga ukuta atasikia. Nikiita jina lake atasikia, baba naye atasikia, na vijana wale wanne.

Komeo la juu limefunguka. Bado la chini —